Njia ya Mashariki: Ruta za Jinja na Mbale Zinavyoamua Nani Aaminiwe

Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliingia Busoga akitokea mashariki. Alikuwa ameondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, mwezi Julai, akakata nchi ya Wamasai na kupita Kavirondo, kwa sababu njia hiyo ilikuwa fupi kuliko ile ya zamani ya Bagamoyo na Tabora iliyozunguka kusini mwa Ziwa Victoria. Joseph Thomson alikuwa ameipita miaka miwili nyuma na kuthibitisha kwamba inapitika. Kwa hesabu ya maili na siku, askofu hakukosea. Lakini Buganda ilikuwa na hesabu yake. Mgeni wa Kabaka alitakiwa aje kwa kusini, kwa ziwa, ambako habari zake zingemtangulia. Aliyekuja kwa mashariki alihesabiwa mvamizi, maana iliaminika kwamba atakayeila nchi atatokea upande huo. Chifu Luba alimzuia, habari zikapelekwa kwa Kabaka Mwanga, na tarehe 29 Oktoba askofu akauawa pamoja na wengi wa wapagazi wake, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Mayuge, mashariki ya Jinja.

Naanza na kifo hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo limeendelea hadi kwenye nyaya za leo: mashariki mwa Uganda njia haijawahi kuchaguliwa kwa urefu wake peke yake. Kwanza huulizwa nani kaleta habari za njia hiyo, na anaaminika kiasi gani. Urefu huja baadaye. Ruta, mashine inayopokea pakiti za data na kuzielekeza mtandao hadi mtandao, hufuata utaratibu uleule, na utaratibu huo ulipangwa na watu walioishi mbali sana na Mlima Masaba.

Tuanze na ardhi. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka Mumias kufuata pembe za ndovu kaskazini, ikipita chini ya Masaba, mlima ambao ramani za Wazungu ziliuita Elgon. Mji wa Mbale uliinuka mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeishika nchi hiyo kwa niaba ya Waingereza, na kwa niaba yake mwenyewe pia. Jinja ilikuwa kivuko cha Nile. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901 ikakomea majini. Mizigo ya Uganda ilimalizia safari kwa meli. Mwaka 1912 Jinja ikapata reli yake fupi hadi Namasagali, ili kuyakwepa maporomoko na kuunganisha meli za Ziwa Victoria na zile za Ziwa Kyoga. Basi pamba ya Teso ikawa inasafiri kwa kuzunguka: meli hadi Namasagali, reli hadi Jinja, meli tena hadi Kisumu, reli tena hadi Mombasa.

Kisha reli kuu ikaletwa kwa nchi kavu kupitia Eldoret na Tororo. Tawi la Mbale na Soroti likafunguliwa mwaka 1929, na mwaka 1931 gari moshi likavuka Nile kwa daraja la Jinja na kuingia Kampala. Namasagali haikufungwa siku hiyo. Ilipungukiwa tu na wa kuichagua. Miaka mingi baadaye majengo yake yakawa shule, na leo kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema.

Barabara nazo zina kisa chao. Anayetoka Jinja kwenda Mbale hufika Iganga, kisha lazima aamue. Anaweza kuendelea na barabara kuu hadi Tororo halafu akapanda kaskazini, au aiache barabara kuu pale Nakalama na kuishika ile ya Tirinyi, iliyojengwa baadaye na inayokata pembe ile. Mabasi ya Mbale huishika Tirinyi. Malori ya Malaba hayana habari nayo. Msomaji asiyewahi kufika huko na aiweke ramani hiyo kichwani, kwa sababu mkongo wa mawasiliano hufuata barabara na nguzo za umeme, na hizo zilifuata kwa kiasi kikubwa nyayo za reli.

Kwa muda mrefu mawasiliano ya Uganda hayakuwa na la kuchagua. Simu na posta zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kisha zikawa chini ya shirika moja la taifa hadi sheria ya mawasiliano ya mwaka 1997 ilipofungua soko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Charles Musisi na wenzake pale Makerere walikuwa wakikusanya barua pepe kwenye kompyuta na kuzituma ng'ambo kwa mafungu, kwa modemu na laini ya simu. Katikati ya muongo huo kampuni za kwanza za intaneti zikasimamisha madishi ya setilaiti mjini Kampala. Setilaiti ya aina hiyo inakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Pakiti ikipanda na kushuka, na jibu lake likapanda na kushuka, nusu ya sekunde imekwisha kabla mtu hajasoma herufi moja.

Ruta yenye dishi moja haina shida ya kuamini. Inaandikiwa mstari mmoja tu: anwani yoyote usiyoijua, irushe juu. Ubaya wake ni kwamba barua ya mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata wakiwa mtaa mmoja, ilipanda angani, ikafika Ulaya au Marekani na kurudi, na kila hatua ililipiwa dola. Nchi jirani ilijaribu kwanza kuikata safari hiyo. Novemba 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua kituo chao cha kubadilishana data Nairobi. Shirika la simu la taifa likalalamika kwamba haki zake za pekee zimevunjwa, msimamizi wa mawasiliano akaamuru kifungwe baada ya wiki chache, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Uganda nayo ikapata kituo chake Kampala mwanzoni mwa muongo huo. Hapo ndipo ruta nyingi za nchi hiyo zilipoanza kusikia habari za njia kutoka kwa zaidi ya msemaji mmoja.

Marekani walikuwa wamekwisha kukutana na wasemaji wengi miaka zaidi ya kumi kabla. Waliunda itifaki kadhaa, yaani lugha ambazo ruta hutumia kupashana habari za njia. Ile ya RIP, iliyowekwa kwenye maandishi rasmi na Charles Hedrick wa Chuo Kikuu cha Rutgers mwaka 1988, huhesabu vituo tu. Njia ya vituo viwili huishinda ya vitatu, hata kama ile ya viwili ni ya waya wa shaba uliochoka na ile ya vitatu ni ya mkongo, na kituo cha 16 ni sawa na kusema hakuna njia. OSPF, kazi iliyoongozwa na John Moy na ambayo maandishi yake ya kwanza yalitoka mwaka 1989, huipa kila ruta ramani nzima ya mtandao wa nyumba yake na kuiachia ikokotoe njia ya gharama ndogo kwa kanuni ya Mholanzi Edsger Dijkstra, iliyochapishwa mwaka 1959. BGP ilizaliwa Januari 1989 mjini Austin, Texas, pale Yakov Rekhter wa IBM na Kirk Lougheed wa Cisco walipoichora wakati wa chakula cha mchana kwenye karatasi za kupangusia mikono. Hii haiutangulizi ufupi. Ni itifaki ya makampuni: inabeba orodha ya mitandao ambayo habari imepitia, na kila mwenye mtandao anaweka masharti yake juu ya habari hiyo.

Sasa mashine moja ikisikia itifaki tatu kwa wakati mmoja, na zote zinadai kuijua njia ya Mbale, imfuate nani? Vipimo vyao havilinganishwi. Mmoja anataja vituo, wa pili gharama, wa tatu majina ya mitandao. Waliotengeneza ruta walilikata jambo hili kwa amri: kila itifaki ikapewa namba ya kipaumbele, na namba ndogo ndiyo inayoaminiwa. Namba hiyo haipimi chochote kilichomo kwenye waya. Ni hukumu ya binadamu iliyoandikwa kabla kesi haijaja.

Hukumu hizo zilitolewa katika nyumba mbili tofauti, na hapa ndipo kisa kinapoanza kuwahusu watu wa Jinja.

Nyumba ya kwanza ni Cisco, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1984. Kwake waya uliochomekwa kwenye ruta yenyewe una 0. Njia tuli, ile iliyoandikwa kwa mkono na fundi, ina 1. BGP inayosikika kutoka kwa kampuni nyingine ina 20. OSPF ina 110, RIP 120, na BGP inayosikika kutoka kwa ndugu wa nyumba moja ina 200. Namba 255 maana yake ni usiitumie kamwe. Mpangilio huo umenakiliwa na wengi, wakiwemo MikroTik wa Latvia, ambao visanduku vyao vya bei nafuu vimejaa kwa watoa huduma wadogo wa Afrika Mashariki.

Nyumba ya pili ni programu iliyoitwa GateD, iliyoandikwa Chuo Kikuu cha Cornell mwishoni mwa miaka ya 1980. Humo OSPF ilikuwa na 10, njia tuli 60, RIP 100, njia za nje zilizoingizwa ndani ya OSPF 150, na BGP 170. Tazama sasa Huawei: OSPF 10, njia tuli 60, RIP 100, OSPF ya nje 150. Tazama Juniper: OSPF 10, RIP 100, OSPF ya nje 150, BGP 170, njia tuli ikiwa imeteremshwa hadi 5. Ujamaa wao hauhitaji shahidi. Huawei waliongeza lao moja: BGP waliitupa hadi 255, lakini kwao 255 si marufuku, ni mtu wa mwisho kwenye foleni.

Kwa hiyo swali moja lina majibu mawili yanayopingana. Habari ya jirani wa nje na habari ya ramani ya nyumbani zikigongana, Cisco humwamini jirani, Huawei huiamini nyumba. Cisco hawakuwa wajinga. Kampuni kubwa ya intaneti ikisikia njia moja kwa moja kutoka kwa mwenye mtandao, ni busara iutoe mzigo pale pale badala ya kusikiliza mwangwi wa habari hiyohiyo ukizunguka ndani. Ila hukumu iliyotolewa kwa faida ya kampuni kubwa ilitiwa ndani ya kila kisanduku, na kisanduku hicho kikapakiwa kwenye kontena hadi Mombasa.

Mombasa ndiko mambo yalikobadilika. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi. TEAMS, ulioongozwa na serikali ya Kenya, ukafuata mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010. Kutoka pwani nyuzi zilipanda kupitia Nairobi hadi mipaka ya Malaba na Busia, zikaingia Uganda kwa upande uleule wa mashariki, na kwa barabara kuu zikashika Tororo, Bugiri, Iganga na Jinja kwenda Kampala. Serikali ya Uganda nayo ilikuwa inajenga mkongo wake wa taifa, kwa mkopo wa dola milioni 106 kutoka Benki ya Exim ya China, mkandarasi akiwa Huawei. Bunge lilihoji bei na ubora wa kazi hiyo kwa kelele nyingi. Awamu ya kwanza iliihusisha Jinja. Mbale ilingoja ya pili, pamoja na Tororo, Kumi, Soroti, Lira na Gulu. Mamlaka ya teknolojia ya habari, NITA-U, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2009 na ndiyo iliyokabidhiwa mkongo huo. Vyuo vikuu vilikuwa vimekwisha kuanzisha mtandao wao, RENU, mwaka 2006.

Awamu ya tatu ilikwenda Masaka hadi mpaka wa Mutukula, ili nchi ipate mlango wa Tanzania. Ilikuwa haja ya kweli. Machafuko ya uchaguzi wa Kenya ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 yalikuwa yameonyesha maana ya mlango mmoja: reli iling'olewa Kibera, barabara zikafungwa, na Uganda ikakaukiwa mafuta. Februari 2012 nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa, siku chache baada ya mikongo mingine kukatika katika Bahari ya Shamu.

Basi taasisi za mashariki zikajikuta na utajiri ambao hazikuuzoea. Tuseme moja, ya kubuni lakini ya kawaida, ina ofisi Jinja na tawi Mbale. Imekodi laini yake binafsi kati ya miji hiyo miwili na juu yake inatumia OSPF. Kila mji pia unanunua intaneti kwa mtoa huduma mmoja wa Kampala na kuzungumza naye BGP, kila upande ukiwa na namba yake ya mtandao. Jinja wana ruta ya Cisco waliyonunua zamani. Mbale wana Huawei iliyoshinda zabuni ya hivi karibuni.

Mbale inamtangazia mtoa huduma mafungu yake ya anwani. Mtoa huduma anaipelekea Jinja tangazo hilo. Jinja sasa ina habari mbili za Mbale: ya OSPF yenye 110, kupitia laini iliyolipiwa, na ya BGP yenye 20, kupitia Kampala. Inaishika ya Kampala. Pakiti ya kwenda Mbale inaelekea magharibi kwanza, kilomita 80 hadi Kampala, halafu inarudi mashariki. Mbale nayo ina habari mbili za Jinja: OSPF yenye 10 na BGP yenye 255. Inaishika laini binafsi. Swali linapita Kampala, jibu linapita Tirinyi. Ukuta wa moto uliowekwa kwenye mlango wa intaneti unaona nusu tu ya mazungumzo, unayashuku, unayakata. Mhasibu wa Mbale anaambiwa mfumo uko chini. Mwenye laini binafsi anapigiwa simu, anapima, anakuta laini ni nzima na haina mzigo, anakasirika.

Hakuna kilichoharibika hapo. Kila ruta imetii hukumu ya nyumba ilikotoka.

Dawa ni kuzirekebisha namba, na namna ya kuzirekebisha ndiyo inayomtofautisha fundi na mbahatishaji. Mbahatishaji anaipandisha BGP yote ya Jinja juu ya 110, na pengine haoni athari hadi siku OSPF itakapoanza kutangaza njia ya jumla ya kutoka nje kupitia Mbale. Hapo intaneti yote ya Jinja itasafiri hadi Mbale ndipo itoke. Fundi anagusa kile kinachougua tu. Cisco wana amri ya kutaja mafungu machache ya anwani na kusema kwamba kwa hayo njia ya ndani ndiyo ipewe nafasi; BGP ya mafungu hayo peke yake hupanda kutoka 20 hadi 200, na intaneti nyingine inabaki ilivyo. Laini binafsi ikikatika, habari ya OSPF inatoweka, na ile ya BGP yenye 200 inachukua kazi. Hicho ndicho kilichotakiwa tangu mwanzo.

Kuna jambo moja ambalo huwasumbua hata wenye uzoefu, nalo lisemwe hapa: namba ya kipaumbele haisikilizwi mpaka mafungu ya anwani yawe sawa kabisa. Kama mtoa huduma anatangaza fungu dogo la anwani 256 na OSPF inatangaza fungu kubwa linalolimeza hilo, dogo hushinda, hata liwe limeletwa na nani. Nimeona watu wakihangaika na namba kwa saa nyingi wakati ugomvi ulikuwa wa ukubwa wa mafungu.

Ugonjwa wa pili ni uvumi. Chukua matawi ya zamani ya Kumi na Sironko yanayotumia RIP, na makao yanayotumia OSPF, na ruta mbili za Cisco zinazounganisha pande hizo, kila moja ikihamisha habari za upande mmoja kwenda mwingine. Ruta ya kwanza inaisikia Kumi kwa RIP na kuipeleka ndani ya OSPF. Ruta ya pili inaisikia Kumi kwa RIP pia, moja kwa moja, kwa namba 120. Lakini inaisikia tena kwa OSPF, kupitia makao makuu, kwa 110. Inauacha ushahidi wa jirani yake wa karibu na kuushika uvumi uliozunguka. Kisha inaurudisha uvumi huo kwenye RIP kana kwamba ni habari mpya, na pakiti za Kumi zinaanza kuzunguka kwenye kitanzi hadi zinakufa.

Hapa nyumba ya GateD iliona mbali zaidi. Kwa kuipa OSPF ya nje 150 na RIP 100, iliuweka uvumi chini ya ushahidi tangu kiwandani. Kwa Cisco, fundi lazima aipandishe mwenyewe namba ya njia za nje za OSPF ipite 120, au azitie alama njia zote zinazohamishwa ili zisirudi zilikotoka. Cisco wenyewe walilijua tatizo: walipotoa itifaki yao ya EIGRP mwanzoni mwa miaka ya 1990, njia zake za ndani walizipa 90 na zile zilizoletwa kutoka nje 170. Lakini OSPF waliiacha na namba moja.

Mtego mbaya kuliko yote, kwa maoni yangu, uko kwenye njia ya akiba. Kila fundi aliyesomea Cisco anajua kuiandika: njia tuli ya kwenda nje kupitia modemu ya 4G, iliyopewa namba kubwa kwa makusudi, mara nyingi 250, ili ilale mpaka kila kitu kingine kife. Kwenye Cisco ya Jinja inafanya kazi vizuri, maana BGP ina 20. Fundi huyohuyo akapanda basi hadi Mbale, akaandika 250 ileile kwenye Huawei. Pale BGP ina 255. Njia ya akiba ndiyo sasa yenye namba ndogo. Mkongo uko hai, taa zinawaka, na data yote ya tawi inatoka kwa laini ya simu hadi kifurushi kinapoisha. Dawa ni kuiteremsha BGP ya Huawei chini ya namba ya njia ya akiba, na kuyafanya hayo kabla ya kuchomeka modemu.

Hata namba zikiwa sahihi, ruta ni lazima ijue kwamba njia imekufa. Greda likipanua barabara Bugiri na kukata mkongo, sanduku la kugeuza mwanga kuwa umeme lililoko ofisini Mbale linaweza kuendelea kuwasha taa yake ya kijani. Njia tuli inayoutegemea waya huo haina masikio. Itaendelea kumwaga pakiti shimoni. OSPF kwa kawaida hungoja sekunde 40 bila salamu ndipo iamini kwamba jirani amekufa, na BGP ya Cisco hungoja 180. Dakika tatu ni ndefu kwa maabara ya hospitali inayotuma majibu. Ndiyo sababu mwaka 2010 ilisanifishwa itifaki ndogo ya BFD, ambayo kazi yake ni salamu tu, mara kadhaa kwa sekunde, na ambayo itifaki nyingine huiuliza habari za kifo.

Kuna mahali namba hizi hazina la kusema. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliamuru watoa huduma wafunge intaneti, na nchi ilikaa gizani hadi tarehe 18. Njia zote zikifungwa kwa amri moja, ya kwanza na ya kumi hazina tofauti. Na tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini, wakati sehemu ya SEACOM ya Bahari ya Shamu ilikuwa tayari imekatika tangu Februari. BGP iliyaona hayo na kuhamisha mizigo kama ilivyofundishwa, lakini njia zilizobaki hazikuwa na nafasi ya kutosha, na Afrika Mashariki yote ikajikokota kwa siku kadhaa. Kipaumbele huchagua kati ya milango iliyopo. Hakipanui mlango.

Jinja na Mbale zote zilipandishwa kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, na majiji huja na ofisi mpya, matawi mapya na zabuni mpya. Zabuni hizo hushindwa kwa bei, kwa hiyo Cisco, Huawei na MikroTik wataendelea kukutana ndani ya chumba kimoja cha mitambo. Kwa wakuu wa taasisi na kamati zao za manunuzi nina ombi moja: anayeuza ruta atakiwe kuleta, pamoja na risiti na hati ya dhamana, ukurasa mmoja wenye namba za kipaumbele za mashine yake, na fundi wa ndani aandike kando ya kila namba aliyoibadilisha tarehe na sababu yake. Ukurasa huo ubandikwe kwenye mlango wa kabati la mitambo, pale ambapo fundi ajaye ataukuta kabla hajagusa kitu.